Upande wa Chini wa Jani

Bahasha ilipoingia kwenye trei saa nne kasorobo asubuhi, Mwantumu Shekiondo alisoma jina, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akaivaa tena. Jina lilikuwa palepale. Anselm Mlay, miaka sabini na moja, mstaafu, mkazi wa Korogwe. Kilichokamatwa: kifuko kimoja cha majani makavu yaliyosagwa. Mahali: stendi ya mabasi. Msomaji: Mtambuzi namba mia mbili na sita. Jibu: bangi. Mtuhumiwa amekata rufaa.

Miaka kumi na mmoja alikuwa akiisubiri bahasha hiyo. Hakuisubiri kwa kumwomba Mungu, maana aliona haya kumwomba Mungu jambo la namna ile. Aliisubiri kwa kuja kazini. Wenzake walihama, wakaolewa, wakapandishwa vyeo wakaenda kukaa kwenye ofisi zenye mazulia, naye alibaki kwenye meza ileile ya Kituo cha Rufaa ya Majani, mgonjwa yuko kazini, mzima yuko kazini, mpaka watu wakadhani anaipenda sana kazi. Kumbe binti wa watu ana lake moyoni.

"Mama Kapinga," aliita, sauti yake imetulia kuliko alivyotarajia. "Huyu wa leo ni Daktari Mlay."

Mama Kapinga, mtunza muhuri wa kituo, alikuwa akimenya chungwa karibu na dirisha. Akaacha kisu hewani.

"Mlay yupi? Mlay huyu wetu? Aliyemtengeneza Mtambuzi?"

"Huyohuyo."

"Loh. Makubwa haya." Akaliweka chungwa juu ya kisahani, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Basi mwite aingie, mama. Sheria haina mkwe."

* * *

Kila stendi, kila soko na kila geti la shule katika nchi ile lilikuwa na Mtambuzi, sanduku la chuma lenye ukubwa wa kabati la vyombo. Ukipita na jani lolote unalitia kwenye kidomo chake. Ndani mna hadubini isiyochoka. Mtambuzi hajali harufu wala rangi, anatafuta nywele. Jani la bangi, upande wake wa juu, limeota vinywele vifupi vilivyopinda, vyenye kitako kinene, na ndani ya kila kitako limekaa donge dogo la chokaa. Wanafunzi waliviita kucha za paka. Mtambuzi akiziona kucha, anadondosha tone la asidi, chokaa inachemka na kutoa povu, naye anatamka kwa sauti laini ya kike: "Bangi." Yote hayo hayafiki dakika moja.

Zamani askari walinusa. Mtu yeyote mwenye pua angeweza kukwambia hiki ni bangi na hiki ni chai. Lakini pua hubishaniwa mahakamani na Mtambuzi habishaniwi, kwa hiyo pua zilistaafishwa.

Aliyetamkiwa alikuwa na haki moja, macho ya binadamu. Jani lake liliifuata hadubini ya kale pale kituoni, na mtu aliyeitwa mgeuzaji alilitazama juu, kisha akaligeuza, akalitazama chini, akaandika "Nimegeuza" na kutia saini. Wageuzaji walikuwa kumi na wanane wakati ule wa mwanzo. Sasa walibaki watatu, mmoja yuko likizo ya uzazi na mwingine macho yamemwishia. Rufaa nyingi zilikataliwa kwa kuwa bangi ilikuwa bangi kweli, na watu wakachoka kukata rufaa.

Aliyeshindwa alivishwa bangili. Haikuwa na uzito, na wala haikumfunga mtu popote. Ila mwenye bangili akigusa udongo, kwa mguu au kwa mkono, koki za maji za kata nzima zilijifunga kwa siku nzima. Hakukuwa na haja ya askari jela. Majirani walitosha.

* * *

Daktari Mlay aliingia akiwa amevaa suti ya kijivu iliyompwaya mabegani. Alikuwa amezeeka, lakini kichwa kilikuwa juu vilevile, kama siku zile anaingia darasani na watu wanasimama. Alimtazama Mwantumu, akangoja.

Alikuwa akingojea shikamoo. Mwantumu alijua, na Mama Kapinga pale mlangoni alijua. Tangu azaliwe Mwantumu hakuwahi kumnyima mtu mzima shikamoo, hata mlevi wa njiani. Huyu alimnyima, na alisikia utamu wake mpaka kwenye meno.

"Keti," alisema.

Daktari aliketi upande wa pili wa meza, mbele ya hadubini yenye macho mawili, moja la mgeuzaji na moja la mtuhumiwa. Alifungua mdomo.

"Mtuhumiwa haongei mpaka muhuri ugongwe," alisema Mwantumu. "Kanuni ya nne. Unaikumbuka. Uliiandika wewe."

Mdomo ukafungwa.

"Mimi nakwenda stoo kuleta bangili," alisema Mama Kapinga, "iwe karibu, ya kutumika au ya kurudishwa. Ile stoo na funguo zake mnazijua, nitakawia kidogo." Akatoka akiburuza kandambili.

Mwantumu alikata kifuko, akamimina unga wa majani kwenye kisahani chenye maji vuguvugu. Akachukua kibano, akaanza kutafuta kipande kikubwa kati ya vumbi lile. Alipopata kipande cha ukubwa wa ukucha wa mtoto mchanga akakilaza juu ya kioo, uso juu, akainamia lenzi.

Kucha za paka. Nyingi, zimejipanga, vitako vimenona. Akadondosha asidi, na povu likapanda, vijipovu vidogo vikikimbilia pembeni mwa kioo.

Hapo ndipo Mtambuzi huishia. Mwantumu alikipindua kipande.

Jani la bangi, upande wa chini, lina manyoya mengine kabisa, marefu, membamba, yamelala upande mmoja, na kati yake vinang'aa vichwa vidogo vya utomvu. Hapa hapakuwa na manyoya hayo wala vichwa. Palikuwa na ngozi tupu ya kijani na nywele chache zilizojibanza kwenye mishipa ya jani. Alilijua jani hili kabla hajajua kusoma. Angelijua amefumbwa macho.

Mforosadi.

* * *

Baba yake alifuga viwavi wa hariri huko Kwemhanya, milimani, na miti mia tatu ya mforosadi ilikuwa yao. Viwavi walikuwa wanakula majani usiku na mchana, na ukilala nyumba ile unasikia wanavyotafuna, sauti ya manyunyu juu ya bati. Mwaka ambao Watambuzi walitolewa, mzee alipeleka gunia la majani makavu sokoni, dawa ya watu wenye sukari. Sanduku likasema bangi. Mzee akacheka. Alidhani ni mzaha.

Akakata rufaa. Mgeuzaji wa rufaa ile alikuwa Daktari Mlay mwenyewe, aliyekuja na kamera za magazeti kuonyesha jinsi binadamu na mashine wanavyokubaliana. Aliandika "Nimegeuza." Miti mia tatu ikang'olewa na kuchomwa kesho yake. Majirani wenye miforosadi yao miwili mitatu waliing'oa wenyewe kwa hofu, na kwa mwezi mmoja wilaya nzima ikabaki haina mforosadi hata wa dawa. Mwantumu alipofika nyumbani kutoka chuoni aliwakuta viwavi wangali hai, wameinua vichwa juu, elfu na elfu, wanatafuta jani. Walikaa hivyo siku mbili. Nyumba ilikuwa kimya.

Mzee aliishi miaka mitatu kwenye baraza ya saruji. Siku aliyoruka uani kumfukuza kicheche aliyebeba kuku, kata nzima ilikosa maji, na jirani aliyekuwa akifuturu naye alikuja kumtemea mate mlangoni. Hakushuka tena. Bangili ilifunguliwa alipokufa, ndipo akaruhusiwa udongo.

Juu ya kaburi lake Mwantumu alipanda kijiti kimoja, chipukizi lililochomoza kutoka kisiki kilichoungua. Hakumwambia mtu. Kila Ijumaa alipanda mlimani, akavua viatu, akaupalilia kwa mikono na kuumwagilia. Ndiyo ibada iliyomweka hai. Na mwaka aliopata funguo za ghala la kituo, alikitafuta kile kioo cha rufaa ya baba yake, akakipata. Gundi ilikuwa haijavunjwa. Jani lilikuwa uso juu, tangu siku lilipolazwa. Hakuna mkono uliokuwa umeligeuza.

* * *

"Tazama," alimwambia Daktari Mlay.

Mzee aliinama kwenye jicho la pili. Alitazama kitambo. Mwantumu alimwona jinsi shingo yake ilivyolegea pole pole.

"Umeona ni nini. Sikuulizi, najua umeona." Alivuta fomu ya rufaa mbele yake, akafungua kalamu. "Baba yangu alikaa hapo ulipokaa. Naye alikatazwa kusema. Nimekichimbua kioo chake, Daktari. Hukukigeuza. Ulikuwa na haraka ya picha."

Daktari hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo leo na mimi nina haraka. Naweza kuandika hapa 'bangi', neno moja tu, nikaandika 'Nimegeuza', na saini. Safari hii itakuwa kweli kwamba nimegeuza. Wewe utavaa bangili, utarudi nyumbani, utakaa barazani. Hakuna wa kunibishia. Mashine imesema na mgeuzaji amesema. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Maneno haya alikuwa ameyafanyia mazoezi kwa miaka, jikoni, njiani, kitandani. Katika mazoezi yale mzee alikuwa anatikisa kichwa, analia, anamshika miguu. Mwantumu aliinua macho apate haki yake ya kuyaona hayo.

Daktari Mlay alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Andika bangi," alisema.

Mwantumu alihisi hakusikia vizuri. "Kanuni ya nne—"

"Mama yule hayupo, binti yangu, na wewe huna haja ya kanuni. Andika bangi. Nakuomba." Sauti ilikuwa ileile ya darasani, ya upole, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mimi nakaa ghorofa ya tatu. Udongo nautakia nini? Nilikuwa nakunywa majani haya kwa ajili ya sukari yangu, nimeletewa na ndugu yangu kutoka Kenya, nikasahau kifuko mfukoni. Uzee. Nilikata rufaa kwa hasira tu, na usiku kucha nimejutia. Maana ukiandika mforosadi, unajua kinachofuata."

Alijua. Kanuni ya kumi na mbili: rufaa ikikubaliwa kwa kutaja mmea mwingine kwa jina, Watambuzi wote wanazimwa, na kila faili lililosomwa kwa kucha peke yake linafunguliwa upya. Mlay aliiweka kanuni hiyo kwa majivuno, akiamini siku hiyo haitafika.

"Wako nchi tisa," alisema Daktari. "Miaka thelathini ya maisha yangu imo mle. Mimi sina mtoto, Mwantumu. Nina Mtambuzi. Niache niwe mzee mmoja aliyekamatwa na bangi, watu wacheke, wasahau. Unanitaka mimi, nichukue mimi. Mwache yeye."

Kwa miaka kumi na mmoja Mwantumu alikuwa amenoa kisu, na leo mwenye shingo ndiye anayemwelekeza pa kukata. Hasira iliyompanda ilikuwa mpya, si ile aliyokuja nayo. Ile ya zamani alikuwa ameizoea.

"Watu elfu sita wako barazani," alisema.

"Wengi wao ni wakulima wa bangi kweli."

"Wangapi si kweli?"

Daktari alisema, taratibu kabisa, "Vioo vile elfu nne vya kumfundishia Mtambuzi, unakumbuka vilipangwa na nani?"

Hilo nalo alikuwa amelisubiri. Si kwa hamu.

Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Darasa zima walilaza majani kwenye vioo kwa miezi minne, na kila mmoja alichora herufi zake pembeni kwa kalamu ya almasi. Mlay alikuwa akipita nyuma yao anasema, "Nionyesheni kucha. Chini hakuna kitu." Siku moja Mwantumu alilaza jani upande wa chini ukiwa juu. Mwalimu akamrudishia kioo: "Binti, huyu amelala kifudifudi. Mlaze chali." Darasa likacheka, naye akacheka, na hakurudia tena. Ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, vioo elfu moja na mia mbili vilikuwa vyake. Ndiye pia aliyepewa kazi ya kuleta majani yasiyo bangi lakini yenye kucha, ili mashine ijue kutofautisha. Alikusudia kuleta mforosadi kutoka nyumbani. Mvua ilikuwa kubwa wiki ile, barabara ya mlimani ilikatika, akasema haidhuru, akachuma majani ya tini nyuma ya bweni.

"M.S.," alisema Daktari. "Herufi nzuri, zinasomeka. Kanuni ya tisa inamhusu aliyemlisha Mtambuzi somo la uongo. Inaushika mkono uliopanga kioo. Mimi sikugusa hata kioo kimoja, binti yangu, mimi nilisema tu. Wakifungua mafaili wataanzia kwenye vioo. Bangili ni ileile moja, ama yangu ama yako. Mimi naiomba. Kwa nini ugombee?"

Mwantumu aliitazama mikono yake. Chini ya kucha ya kidole gumba palikuwa na udongo mweusi wa Ijumaa, ambao maji ya kituo hayakuwahi kuutoa wote.

Angeandika bangi, na Ijumaa angepanda mlimani. Angevua viatu. Angemwambia baba yake kwamba Mlay amefungiwa udongo, na kwamba yeye, mzee Shekiondo, bado ni mkulima wa bangi kwenye kila daftari la serikali, na kwamba elfu sita wako barazani, na kwamba mwanawe ameokoa mikono yake. Aliwaza atayasemaje hayo kwa mpangilio. Hakupata mpangilio.

Kandambili zilisikika koridoni.

Aliandika haraka, asijipe nafasi. *Mmea: mforosadi. Kosa: Mtambuzi hajui upande wa chini. Chanzo: vioo vya mafunzo vyote vililazwa uso juu, na mforosadi haukuwekwa. Vioo elfu moja na mia mbili kati ya hivyo vimepangwa na mimi, M.S., kwa agizo la mwalimu A. Mlay. Kiambatisho: kioo cha rufaa ya mzee Shekiondo wa Kwemhanya, kilichotiwa saini na A. Mlay, ambacho hakijageuzwa hadi leo. Nimegeuza.*

Daktari Mlay aliisoma kinyumenyume kutoka upande wake. Alinyoosha mkono juu ya meza kana kwamba angeweza kuuzuia wino. Kifundo chake cha mkono kilikuwa chembamba, kimejaa madoa ya uzee, na kikabaki pale wazi, kinangoja bangili aliyoiomba.

"Binti," alisema. "Binti, nakusihi."

"Mtuhumiwa haongei," alisema Mama Kapinga kutoka mlangoni. Aliweka bangili juu ya meza, akachukua fomu, akaisoma kwa sauti ndogo mpaka mwisho. Akarudia mstari mmoja. Akaketi.

"Mwantumu. Hizi M.S. ni zako?"

"Zangu."

"Unajua nikigonga muhuri huu—"

"Gonga, mama."

Mama Kapinga hakugonga mara moja. Alilitazama chungwa lake lililomenywa nusu, akamtazama Mwantumu, akamtazama mzee. Kisha akagonga kwa nguvu mpaka kibano kikaruka kwenye kisahani. Kule nje, ng'ambo ya barabara, sauti laini ya kike iliyokuwa ikisema na watu wa sokoni ilikatika katikati ya neno.

Mzee aliisikia inavyokatika. Alifumba macho na machozi yakamtoka, yale yale ambayo Mwantumu aliyaota miaka yote. Aliyatazama mpaka yakafika kidevuni. Yalikuwa matamu, asingedanganya. Hayakuwa matamu kama alivyofikiri, lakini yalikuwa matamu.

Akakunja mkono wa koti lake jeupe, akamnyooshea Mama Kapinga kifundo. Yule mama alimfunga bangili akiwa amegeuza uso pembeni. Ilifunga kwa mlio mdogo tu.

"Rufaa imekubaliwa, Daktari," alisema Mwantumu. "Uko huru. Unaweza kukanyaga popote."

Daktari Mlay alisimama kwa kushikilia meza. Alikuwa amefika mlangoni Mwantumu alipomwita tena.

"Kwemhanya unapajua. Ulikuja na kamera. Nyuma ya nyumba kuna kaburi, na juu yake kuna mforosadi, huo pekee uliobaki wilaya nzima. Mimi siwezi tena kuugusa. Majirani hawatausogelea. Wiki mbili bila maji unakufa, na ukifa hakuna atakayebaki na jani bichi la hapa wilayani la kuonyesha mahakamani kwamba kati ya elfu sita wale wapo walioonewa. Nao wataulizwa jani. Wewe ndiye mwenye mikono sasa."

Mzee alibaki amewapa mgongo. Mabega yalipanda, yakashuka.

"Ndoo ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Mbili. Kila Ijumaa. Unavua viatu." Mwantumu aliivuta bangili chini ya mkono wa koti. "Na ukifika, kabla hujamwaga maji, umwamkie. Alikuzidi miaka minne."